Simu Iliyoachwa Wazi

Wifi yangu ni dobi, na ukitaka kumkasirisha mwite mfanyakazi wa hoteli. "Wa hoteli ni wale wanaovaa tai huko juu," atakwambia. "Mimi nafua." Kazi yake iko chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha, penye mashine ya kupiga pasi mashuka. Yeye hushika ncha moja ya shuka, mwenzake hushika nyingine, wanailisha mashine, na shuka linatokea upande wa pili limenyooka, la moto. Vidole vyake vimekomaa hata nyumbani hufunua sufuria jikoni bila kitambaa, nami humwambia amegeuka mwiko.

Alimfuata kaka yangu huku ughaibuni akiwa bado bibi harusi, akiamini watakaa kidogo, wakusanye vya kukusanya, warudi. Kila mtu huku ana "mwakani tunarudi" yake. Wakazaa watatu. Mimi nilikuwa nimewatangulia, naishi mtaa wa pili, nikaushika uwifi kikamilifu: nile kwake, nimkosoe, na akiguswa na mtu mwingine nimtetee.

Ugonjwa wake ulikuwa kwao. Sisi wengine tulikumbuka nyumbani tukipata nafasi. Yeye alikumbuka akifanya kazi, akila, akimsuka binti yake nywele. Alikonda, nikaogopa. Kisha akajitafutia dawa mwenyewe. Kila Jumapili asubuhi alimpigia mama yake, wakasalimiana, halafu hawakukata. Simu aliiweka juu ya friji, sauti ameifungua yote, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Huku yeye anapika, kule mama anagombana na kuku. Huku mtoto amemwaga maziwa, kule jirani anapiga hodi kuomba chumvi. Mara moja moja mmoja huita, "We, upo?" Mwingine hujibu, "Nipo." Basi.

Nilimcheka sana. "Wifi, hivi nyie mnapigiana simu ili msiongee?"

"Kwani wewe ulipokuwa kwenu uliongea na mama yako kutwa nzima?"

Watoto wakakua na bibi anayeishi juu ya friji. Kitinda mimba alipoanza kutembea alikuwa akimnyooshea biskuti.

Kisha mama akaanza kuugua. Kwanza walisema miguu, mara wakasema presha, na sisi tulio mbali tunajua kwamba kinachosemwa huwa ni nusu. Kule kukapoa. Kuku wakawa wanafukuzwa na mdogo wake wifi, binti wa mwisho aliyebaki nyumbani na mama. Wifi akataka kwenda, akashusha na begi kabisa. Lakini kibali chao cha kuishi kilikuwa kimekwisha na wameomba kipya, na sheria ya hapa ni kwamba ukitoka kabla kipya hakijatoka, umejitoa mwenyewe. Angemwona mama yake, halafu asijue lini atawaona wanawe. Kaka yangu ni mlinzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Watoto wangebaki na nani?

"Na mimi," nilisema.

Akatikisa kichwa. Mimi wa kulea ni mdomo wangu, na ananijua.

Jumapili ile simu haikuwekwa juu ya friji. Aliishika mkononi.

"Mama, nije?"

"Wanao wana mama wangapi?"

"Mmoja."

"Basi kaa nao. Mimi hapa nina watu."

"Na mimi je, mama?"

Mama akakohoa. Halafu mama akasema, "Karatasi zikitoka utakuja. Nakusubiri."

Hakuweza kusubiri. Alifariki alfajiri moja katikati ya wiki, na yule binti akanipigia mimi, si dada yake. Habari ya msiba hapigiwi mwenye msiba; hupewa mtu atakayemshika. Lakini binti alikuwa na jingine. "Mama ameacha neno," alisema huku analia. "Dada asiambiwe mpaka karatasi zitoke. Akijua atapanda ndege, na akipanda ndege amewapoteza watoto." Nikawaka. Nikamwambia wenye akili walisema mficha maradhi kilio humuumbua, sasa nyie mnaficha kilio chenyewe, mtakificha wapi? Kaka yangu alikuwa amepitia kwangu akitoka zamu ya usiku, macho mekundu, akanishika mkono. "Ni neno la marehemu," akasema. Mbele ya neno la marehemu hata mimi hufunga mdomo.

Wakazika. Jumapili wifi akapiga kama kawaida.

"Mama amelala," mdogo wake akasema.

"Usimwamshe. Iache simu hapo hapo."

Ikaachwa uani, kama siku zote. Na kwa kuwa mama na mwana walishazoea kutoongea, ukimya wa mama haukuhitaji maelezo mengi. Jumapili iliyofuata mama alikuwa anaoga. Nyingine, kapelekwa kwa daktari. Binti wa watu alifagia, akafukuza kuku, akafika hadi kukohoa kama mama, maskini ya Mungu, na mimi nimekaa jikoni kwa wifi namenya viazi nisivyoviona. Wifi alipika, akaosha vyombo, akasema, "Mwambie mama namsalimu," akakata. Nikajiuliza masikio makali kama yale ya wifi leo yamezibwa na nini.

Kibali kikatoka. Jioni ile ile tukaenda nyumbani kwake: mimi, kaka aliyeomba ruhusa kazini, na mama mmoja mtu mzima ambaye hapa mjini ndiye hubebeshwa habari nzito za watu wote. Wifi aliporudi kutoka kazini alitukuta tumepangana sebuleni kama wageni wa posa. Akatusalimu mmoja mmoja, akaweka mkoba, akakaa. Yule mama akaanza kwa mbali: dunia ni mapito, mipango ya Mungu haina makosa.

"Samahani, mama," wifi akamkatiza kwa adabu. "Mnataka kuniambia kwamba mama yangu amefariki."

Yule mama akanigeukia mimi.

"Najua. Jumapili ile ya kwanza nilisikia masufuria yanasuguliwa kwa mchanga. Makubwa, mengi, na wanawake wanasugua huku wanaongea taratibu. Nyumba ya watu wawili, masufuria yale ya nini? Yalikuwa ya kuazima, yanasafishwa yarudishwe kwa wenyewe. Nikajua tumeshazika."

Kaka yangu alikuwa ameinama. "Mbona hukusema, mke wangu?"

"Ningeuliza, mngeniambia. Mkiniambia, ningekwenda." Akautazama mlango wa chumba ambamo watoto walikuwa wakifanya kazi za shule. "Kwa hiyo nikawaacha mnifiche."

Nikazikumbuka zile Jumapili zote. Yeye ametupa mgongo, anakata vitunguu, kule mdogo wake anakohoa kikohozi cha uongo, na yeye anaitikia, "Pole, mama." Mwenzake wa kwenye mashine aliniambia baadaye kwamba kwa wiki kadhaa alimwona akitiririkwa na machozi, akadhani ni mvuke wa mashuka. Nilikuwa nimemwita mwanamke huyu dhaifu, tena mbele za watu.

Akamgeukia yule mama mtu mzima. "Endelea, mama. Umetumwa uniambie. Niambie."

Yule mama akamshika mkono. "Mwanangu, mama yako ametutoka."

"Haya. Sasa nimeambiwa."

Akajifungua kitambaa cha kichwani, akashuka kwenye kiti hadi sakafuni, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, akimwita mama yake, akimwomba msamaha, akimuuliza kwa nini hakumsubiri. Tulimshika, akatutoka mikononi. Mlango wa chumba ukafunguka, kitinda mimba akasimama pale na penseli mkononi, ameduwaa.

"Mama ana nini?"

Wifi akamnyooshea mtoto mikono, analia vile vile.

"Njoo," akamwambia. "Nimefiwa na mama."