Dola za Nyumba Ndani ya Soksi

Naona haya kusema hii, lakini acha niseme. Bureau yetu ya kazi ya Butembo ilinihamisha Kampala, ikanipa dola za kulipia nyumba huko. Jirani yangu wa mutaa wa Vulamba akanionya, «Ku mupaka banakamataka dola yote.» Sikuuliza mutu mwingine. Nikazificha ndani ya soksi.

Kutoka Beni niliogopa barabara, kwa sababu ya waasi. Kufika Kasindi nikaogopa mupaka zaidi. Jasho lilinitiririka, na nilitembea kama mwenye vidonda. Muganga wa mupaka anayepima wasafiri Ebola, mama mumoja mupole, akanisimamisha.

«Papa, uko mugonjwa?»

«Hapana, mama.»

Akanipima joto mara mbili, akaniweka pembeni. Huku kwetu, ukiwekwa pembeni na muganga, watu wanakukimbia. Chef wangu, mukubwa wa bureau, tuliyesafiri naye, akasogea nyuma.

«Vua viatu, tuone miguu,» muganga akasema.

Nikavua viatu na soksi. Noti zikaanguka chini, zimelowa, zinanuka, mbele ya mustari muzima.

Chef akaziangalia, akaniangalia. «Dola yangu niliionyesha pale ku dirisha ya forodha, bakaniandikia karatasi, nikapita. Wewe, ni nani alikukatazaka kuonyesha?»