Mbio za Kila Mtu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa Msukuma aliyefika Mpanda akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake. Miaka ya tisini ilipoanza aliuza baadhi ya ng'ombe hao akanunua pikipiki kubwa, jambo ambalo baba yake hakulisamehe. Mimi nilikuwa fundi pikipiki karibu na soko, nami ndiye niliyemtengenezea.

Kila kiangazi tulikuwa na mashindano kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Sitalike. Hayakuwa ya kuzunguka wala kukata kona. Pikipiki mbili zilisimama sambamba, bendera ikashushwa, na ya kwanza kufika kwenye mapipa yaliyowekwa mwishoni ndiyo iliyoshinda. Vijana walikimbia kujifurahisha tu, lakini lilikuwepo daraja la juu, la watu walioshindania ng'ombe dume au bati za kuezekea. Shemeji alikuwa bingwa wa daraja hilo.

Daraja lenyewe lilikuwa linakufa. Ukitaka kushinda ilibidi injini ichongwe upya, na spea ziagizwe Dar es Salaam zije kwa treni, na zikifika mara nyingine si zile ulizoagiza. Wakimbiaji walipungua mpaka wakabaki watatu, watu nao wakachoka kuwatazama walewale. Mwenyekiti wa kamati yetu ya mashindano, mfanyabiashara mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ndiye aliyetoa zawadi. Akatuambia kwamba asipoona watu mwaka ule, anaacha.

Wazo lilitoka kwa shemeji. Alisema daraja la juu liwe la pikipiki ndogo, za injini kama ilivyotoka dukani, na mimi niwe mkaguzi. Mtu aje Jumapili na pikipiki yake ya kwendea shamba, akimbie, na Jumatatu aende nayo shamba. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba pikipiki yake mwenyewe ingekatazwa.

"Kushinda peke yangu kumenichosha," shemeji akajibu.

Wakaja. Alikuja fundi cherehani kutoka Kasokola, akaja muuza dagaa, wakaja wakulima ambao zamani walisimama pembeni tu. Kutoka Sibwesa watu walipanda malori kuja kutazama, na kina mama wakapika wali na maharage kando ya barabara. Shemeji akawa mwamuzi, anasimama kwenye mapipa na kitambaa cheupe mkononi. Dada alifurahi kuliko sisi sote, maana kwa miaka alikuwa akisali mume wake ashuke kwenye pikipiki.

Mwenyekiti naye alitaka mambo yanoge zaidi. Kamba iliyowazuia watazamaji ikasogezwa karibu na barabara, ili waone vizuri. Shemeji hakupendezwa. Kwenye kikao akaomba nikague na breki na tairi, si injini peke yake. Kamati ikasema tukianza kukataa breki na tairi tutawarudisha nyumbani walewale tuliowaita, kwa sababu nani Mpanda alikuwa na tairi mpya? Ombi likaachwa hapo.

Msimu uliofuata, fainali ilimkutanisha fundi cherehani na mkulima mmoja wa mpunga, Mpimbwe kwa kabila, mtu mpole aliyezoea kuvua kofia kabla ya kusalimia. Mkulima alishinda wazi. Watu wakaruka kamba wakajaa barabarani kumpongeza, naye bado yuko kwenye mwendo. Nilimwona anakamata breki na mkono unarudi mtupu. Waya wa breki ulikuwa umekatika. Shemeji aliingia mbele akiwasukuma watu pembeni kwa mikono yote miwili, mgongo wake ameuelekeza kwenye pikipiki, nayo ikamgonga.

Nilipomfikia alikuwa macho. Uso wake ulikuwa na vumbi tu, bila damu.

"Fundi," aliniambia taratibu, "miguu yangu siisikii."

Tulimpeleka hospitali, kisha tukampandisha treni mpaka Tabora, amelala sakafuni juu ya godoro. Huko wakatuambia uti wa mgongo umevunjika, turudi naye nyumbani tumtunze. Dada alimgeuza mchana na usiku, lakini vidonda vya kulala vilitokea vivyo hivyo. Mashindano yalikufa. Rafiki waliojaa uani mwanzoni wakapungua, na mwenyekiti akawa anatuma salamu.

Mkulima hakuacha kuja. Alifunga mchele nyuma ya baiskeli, kwa sababu pikipiki aliiuza wiki ileile. Dada aliupokea mchele bila kumwitikia salamu. Mkulima alikaa karibu na mlango wa chumba, na shemeji akamuuliza habari za mvua na majaruba ya mpunga. Sikuwahi kuwasikia wakiongea juu ya siku ile.

Mara moja tu shemeji aliligusa jambo hilo mbele yangu. Nilikuwa namnyoa ndevu.

"Lile wazo lilikuwa zuri," alisema. "Au nyie mnaonaje?"

Nikamwambia lilikuwa zuri. Akageuzia uso ukutani, na mimi nikamaliza kunyoa upande uliobaki wazi.

Alifariki masika ya pili. Asubuhi ya mazishi mvua ilikuwa imelegea, na wanaume tulikuwa makaburini tumeanza kuchimba mkulima alipofika na jembe begani. Ndugu wa shemeji, waliokuja kutoka Usukumani, walijua ni nani. Mmoja akasimama njiani akamzuia, na ikabidi mtu atumwe nyumbani kumuuliza mjane.

Dada alikuja mwenyewe, kanga kichwani, miguu imejaa tope. Hakumtazama mkulima, aliwatazama ndugu wa mumewe.

"Mwacheni achimbe," alisema. "Huyu alikuwa anakuja."

Akarudi ndani. Yule mtu akavua kofia, akaiweka juu ya udongo, akashuka shimoni. Tulipotaka kumpokea jembe alikataa kwa kichwa, maji ya mvua yakimfika kwenye vifundo vya miguu.