Vigelegele Kwenye Mkataba wa Magari ya Theluji

Jamani, nikianza kusimulia hii masikio yananiwaka kwa aibu, lakini bora mnisikie mimi kuliko wale wenzetu wa kitongoji cha Rissne, ambao wameshaongeza chumvi.

Mnajua niko ile ofisi ya manunuzi ya ulinzi hapa Stockholm, na nilikuwa nimebakiza wiki moja ya majaribio nijue kama naajiriwa moja kwa moja ama narudi kutafuta kazi, na siku hiyo ndiyo Sweden na nchi jirani rafiki walikuwa wanatia saini mkataba wa kununua pamoja magari ya jeshi ya kwenye theluji. Bosi wangu, Birgitta, aliniambia nikae chumba cha nyuma na nakala za akiba, nisitoke. Sasa niambieni, kile kifungu cha vipuri (nani apewe kwanza hali ikichafuka) nimekichapa upya mpaka nakiota, halafu nisione kikisainiwa? Nikasema nachungulia dakika moja tu.

Nikajibanza nyuma ya waandishi wa habari. Waziri mgeni akashika kalamu, ukumbi kimya, moyo unanidunda kwa furaha utadhani namwoza mdogo wangu, na kabla sijajijua nikapiga vigelegele, tena vile virefu vya kwetu Tanga!

Watu wale hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Mlinzi akamrukia waziri wake, wakaanguka wote na kiti, kalamu ikachora mstari ukurasa mzima, na mimi nikakamatwa mikono nyuma mbele ya kamera huku napayuka kwa Kiswahili (kwa Kiswahili, jamani!) kwamba ni furaha tu. Nikajua kazi imekwenda.

Birgitta akaja taratibu. "Mwachieni, ni wa kwetu," akasema, kisha akanigeukia: "Nakala za akiba?"

Nilizifuata mbio, mlinzi nyuma yangu. Waliposaini mara ya pili nilikuwa nimeuma skafu, na nusu ya ukumbi ilikuwa inautazama mdomo wangu badala ya mkataba.

Kazi nimepata. Birgitta alinipa barua Ijumaa, akaongeza kwamba siku za kutia saini nitafanyia kazi nyumbani, nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nimeapa shughuli ya serikali yoyote sifungui mdomo tena. Mama yangu tu ndiye kanuna, ameona video huko Tanga, anauliza kwa nini vigelegele nilivikatisha njiani kama sijafundwa. Nimemwambia nilikuwa nimeshakabwa.