Kikombe cha Mwisho

Kila Jumamosi, kijana anayefundisha hatari za akili bandia huwamiminia wageni chai, kidole gumba kikishikilia kifuniko cha birika, na kikombe chake hukijaza mwisho. Mama Qiu amekuja na binti yake kumchunguza, kwa kuwa binti huyo anataka kuacha kazi ya benki ajiunge na kazi ya kijana. Hapa Chengdu, Uchina, anawajua matapeli wanaogawa mayai ya bure kuvuta watu, na mwishowe huwauzia dawa za uongo.

"Kijana, dawa unaitoa saa ngapi?"

Darasa likacheka. Kijana hakucheka.

"Siuzi kitu, shangazi. Mashine hizi zinatupita mbio. Natafuta watu wa kuwajali hata wale ambao hawajazaliwa."

"Na mama yako anasemaje?"

Kijana akamjazia mgeni aliyefuata kikombe.

"Tangu niache kazi, hapokei simu yangu."

Mama Qiu akamtazama binti yake. Kisha akampokonya kijana birika, akamjazia kikombe yeye kwanza, kabla ya wageni.