Neno la Kumshusha Mbwa

Mbwa wa Madamu alizoea kulala kwenye kochi muda mrefu kabla mimi sijafika Lilongwe. Aliyemzoesha ni marehemu mume wake. Kila jioni wawili hao, mzee na mbwa, walisikiliza redio kwenye kochi moja la zamani ambalo manyoya yalikuwa yameingia hata ndani ya mishono. Mzee alipofariki, Madamu alilitoa kochi hilo akanunua mapya ya rangi ya maziwa. Mbwa akapanda juu ya mojawapo siku hiyo hiyo, bila kumwuliza mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetoka Rumonge, Burundi, tukiwa na binti yetu mdogo, tukafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakati wenyeji bado wanapaita gerezani, kwa kuwa zamani palikuwa jela. Nilikuwa nimesoma sekondari, nikadhani elimu hiyo ingenitofautisha na wengine kwenye mstari wa kupokea mahindi. Haikunitofautisha. Baada ya miezi michache nilimwacha mke wangu na mtoto katika nyumba yetu ya matofali mabichi, nikaenda mjini kutafuta kazi. Ndipo nilipompata Madamu, mjane wa Kimalawi aliyekuwa na cheo ofisini. Nilifungua geti, nilipiga deki, nilifua na kupiga pasi.

Siku moja aliniita sebuleni akanionyesha mto uliojaa manyoya. Binti yake alikuwa anachumbiwa, na baada ya wiki sita watu wa upande wa mwanamume wangekuja nyumbani.

"Sitamfukuza, ni mbwa wa mume wangu," alisema kwa Kiingereza cha polepole ili nimwelewe. "Lakini wageni hawatakaa juu ya manyoya. Mfundishe. Akiacha kupanda, kile chumba cha uani ni chako. Mlete mke wako na mtoto."

Kile chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha la kioo, na bomba la maji hatua tano kutoka mlangoni. Mke wangu kule Dzaleka alikuwa anaamka kabla ya jua kupanga ndoo kisimani. Kwa wiki hizo sita sikutaka kitu kingine duniani. Nilimtaka mbwa ashuke ili mke wangu aje.

Nilianza na fimbo. Mbwa akiniona nayo alishuka; nikitoka alipanda. Nikaweka makopo matupu juu ya mito ili yaanguke yamtishe. Alijifunza kuyasogeza kwa pua, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

Mzee wa bustani, aliyekuja kila siku kwa miguu kutoka Mtandire, alikuwa akiniangalia kupitia dirishani. Ujanani alikuwa amekata mkonge Tanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima.

"Achimwene," alisema, maana huko ndivyo mtu anavyomwita ndugu yake, "unamfundisha kukukimbia wewe. Kochi hana ugomvi nalo."

"Sasa nifanyeje, agogo?" Nami nilimpa heshima ya babu kwa lugha ya kwao.

"Umempa pa kulala?"

"Sakafu yote ni yake."

"Sakafu yote si mahali. Wewe ukiambiwa Malawi yote ni yako, usiku utalala wapi?"

Alicheka mwenyewe mpaka akashika jembe asianguke. Mimi sikucheka, lakini nilimsikiliza. Nilijaza gunia maganda ya mahindi, nikalishona, nikaliweka chini ya redio, pale kochi la zamani lilipokuwa. Mbwa akilala hapo nilimpa ukoko wa nsima, ugali wa huko, na dagaa wakavu wawili watatu. Akipanda kochi sikumpiga. Nilimwambia neno moja, namwonyesha chini kwa kidole, nangoja.

Neno lenyewe lilikuwa la Kifaransa: *descends*, yaani shuka. Kwetu mtu aliyepita shule alimsemesha mbwa kwa Kifaransa. Mabwana wa zamani waliwaamuru mbwa wao hivyo, na watumishi wao pia hivyo hivyo. Walipoondoka, sisi tuliosoma tukaokota fimbo ile ya ulimi tukaiona ni fahari. Katika nyumba ambayo kazi yangu ilikuwa kufua nguo za watu, nilipenda kujisikia nikilitamka.

Wiki ya pili alianza kuweka mguu mmoja tu juu ya kochi, kisha ananitazama. Wiki ya nne nilikuwa natoka nje na kumchungulia dirishani. Alilizunguka kochi, akalinusa, akaguna kama mtu mzima, akaenda kujitupa kwenye gunia. Wiki ya tano Madamu mwenyewe aliona. Akasema naweza kumwita mke wangu aje kukiona chumba.

Alikuja Jumamosi. Madamu alikuwa ameenda msibani, alisema atarudi jioni. Mke wangu alipanda matola, pikapu zile zinazobeba watu na magunia pamoja, kisha akatembea kutoka barabara kuu akiwa na binti yetu mgongoni na mimba ya miezi sita mbele. Miguu ilikuwa imevimba hata kamba za sandali hazionekani.

Nilimwonyesha chumba. Alipapasa ukuta. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena.

"Maji iko inakuja tu hivi?"

"Inakuja tu."

"Na hakuna mtu anasema toa ndoo yako?"

"Hakuna."

Alinitazama akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Rumonge. Mimi nikaongeza chumvi. Nilitaka aone ni kwa akili gani nimekipata chumba kile. Nikampeleka sebuleni, nikampigia mbwa mto wa kochi kwa kiganja mpaka akapanda kwa wasiwasi, kisha nikasimama wima na kuamuru: "*Descends!*" Mbwa akashuka, akaenda kwenye gunia lake. Nilirudia mara ya pili na ya tatu. Sasa najua kwamba kumpandisha mbwa ili nimshushe kulikuwa tayari ni kosa.

Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaamka. "Eh, Papa! Hata mbwa banamufundisha Kifaransa, na mi sijui hata bonjour!"

"Kaa, Mama, upumzike."

"Hapa? Kwa kiti ya bakubwa?"

"Kaa. Mwenyewe atarudi jioni."

Alikaa. Ni mimi niliyemkalisha. Jambo hilo nalisema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nililiruka kila nilipojisimulia habari hii. Niliingia jikoni kuchemsha chai. Niliporudi kumwuliza kama anataka sukari nyingi, nilimkuta amesinzia, mtoto amelala mapajani pake, na mbwa ametulia kwenye gunia. Nyumba ilikuwa na amani. Wakati huo huo gari la Madamu likapiga honi getini.

Sikumwita mke wangu. Sikumgusa bega. Nilisimama mlangoni, nikanyoosha kidole chini, nikasema: "*Descends!*"

Mbwa aliinua kichwa. Alinitazama, akatazama sakafu, akalaza masikio. Hakujua ashukie wapi tena. Mke wangu naye alikuwa amefumbua macho. Alimtazama mbwa kwanza, halafu akanitazama mimi. Kisha akateremka, goti moja baada ya jingine, na mtoto mikononi, akakaa kwenye saruji na kufunika miguu yake kwa kitenge.

Nilikimbia kufungua geti.

Madamu aliingia akivua viatu vya msibani. Alipomwona mwanamke mjamzito sakafuni, uso wake ulibadilika, nikajua kazi imekwisha. Kumbe alikuwa ananikasirikia mimi. "Kwa nini umemweka chini na tumbo hilo?" Akainama, akamshika mke wangu mkono, akapiga mto wa kochi kwa kiganja chake, akisema naye Kichewa kwa sauti ya dada.

"Anasema nini?" mke wangu aliniuliza.

"Anasema ukae kwenye kochi."

"Mwambie zikomo, asante. Hapa inatosha."

Madamu alimbembeleza, akachoka. Chai alimletea yeye mwenyewe, na mke wangu aliinywa palepale kwenye saruji, kwa adabu, mpaka tone la mwisho.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza kwenye matola.

"Niliogopa kazi, Mama."

"Najua."

"Na kile chumba ni kwa ajili yenu."

"Chumba ni muzuri. Lakini mi nikilala mule, siku moja utasemesha mbwa, mi ndo nitashuka kitanda."

Hakupandisha sauti. Utingo alikuwa anapiga ubavu wa gari akiita "Dowa, Dowa!", njia ya Dzaleka. Nilimpandishia mtoto, na gari likaondoka.

Sherehe ya uchumba ilifana. Wageni walikaa kwenye makochi safi, mbwa akakaa kwenye gunia lake siku nzima, na mzee mmoja wa upande wa mwanamume aliuliza ni nani aliyemlea kwa adabu hivyo. Madamu akanielekeza mimi. Jioni akanipa ufunguo. Nililala katika chumba kile peke yangu miaka miwili. Mtoto wetu wa pili alizaliwa Dzaleka, nami nilipata habari siku ya tatu, kutoka kwa mtu aliyekuja mjini kuuza maharage.

Ningeweza kuacha kazi, au kwenda Jumapili ya kwanza baada ya habari hiyo na kumwomba msamaha. Badala yake nilikwenda mwisho wa mwezi, nikakuta wazee watatu wa kanisa wamekuja kutupatanisha. Waliuliza kwa nini mama hataki kumfuata mumewe mjini. Nilijibu kwamba yeye ni mtu wa kijijini, anaogopa mji. Mke wangu alikuwa ameketi na kichanga. Alikuwa na nafasi ya kusema. Mzee mmoja akamfundisha kirefu juu ya mwanamke na nyumba yake, na yeye akajibu, "Nimesikia." Alinisitiri mbele ya watu, nami nikaiona stara ile kuwa ushindi.

Madamu alipohamishiwa Blantyre nilirudi Dzaleka. Mke wangu alinipokea. Tulilima, tuliuza vitunguu, tulilea. Hakuwahi kuitaja siku ile, na mimi nilijiambia kwamba ameisahau.

Miaka ikapita, nikafanywa mzee wa kanisa mimi mwenyewe. Walinituma nipatanishe vijana wawili waliooana karibuni. Mke alikuwa hataki kumfuata mumewe Area 23, mtaa wa Lilongwe. Nilifungua kinywa nimwambie, "Mwanangu, mfuate mume wako," sentensi ikanigoma katikati. Nikamgeukia kijana nikamwuliza, "Ulimwambia nini?" Alitazama chini. Nilimwelewa vizuri mno.

Kutoka hapo nilikwenda kwa yule mzee aliyemfundisha mke wangu. Kati ya wale watatu, ni yeye tu aliyekuwa bado kambini. Nikamweleza kwamba siku ile niliwadanganya, na jinsi nilivyomshusha mke wangu kwenye kochi la Madamu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi ulinishusha wapi? Nenda nyumbani kwako."

Nilimkuta mke wangu uani anachambua maharage.

"Siku ile ya Lilongwe," nikasema, "kosa lilikuwa langu."

Mikono yake haikusimama. "Siku gani?"

Alijua siku gani. Alitaka niiseme. Nikaketi chini mbele yake nikaisema kuanzia kwenye bomba la maji, jinsi alivyocheka, jinsi nilivyomkalisha mwenyewe, honi ya gari, kidole changu, na lile neno, nikalitamka. Nikasema na uongo niliowaambia wazee, na jinsi nilivyofurahi aliponyamaza. Ilichukua muda. Mara mbili nilitaka kuweka kisingizio, nikakimeza.

Nilipomaliza, alitoa jiwe dogo katika maharage akalitupa.

"Leo umesema yote," alisema.

Hakuniambia amenisamehe, wala sikuuliza. Aliusogeza ungo ukawa katikati yetu, nami nikaanza kuchambua upande wangu.