Mihogo Michanga

Asubuhi hii mjukuu wangu kang'oa mihogo nyuma ya nyumba, na harufu ya udongo mbichi na utomvu imenikaa kooni. Naijua harufu hiyo.

Nilikuwa mtoto, tukikaa shamba, upande wa Bububu. Bei ya karafuu ilikuwa juu, na bwana shamba alikuja na baiskeli yake akatuambia kila penye mihogo tupande mikarafuu. Baba akaing'oa siku ile ile, ingali michanga, myembamba kama vidole vyangu. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Na kabla hiyo mikarafuu haijazaa, tutakula nini?"

"Tutanunua mchele," baba akasema. "Serikali imeshasema."

"Serikali nshaisikia. Nakuuliza wewe."

Jioni tuliila ile mihogo kwa tui, majimaji na chungu, na mama akatupakulia mpaka sufuria ikabaki tupu, maana haikuwa ya kuwekwa.

Miche ilishika. Ilifika kimo cha baba, kisha majani yakapiga manjano yakapukutika, ikafa imesimama, haijazaa hata karafuu moja. Baba akawa anakwenda kuchuma karafuu za watu, na mchele tukauona kwao.

Sasa miche mingine ya mikarafuu imepangwa ukutani kwangu. Redio imesema bei ni nzuri.

"Bibi, sogea kidogo," mjukuu wangu kanambia. "Hapo ulipokaa napataka."

Nikasogeza kiti.