Muundi wa Kushoto

Miaka kumi na moja nimefundisha anatomia katika chuo cha afya hapa Songea, na sikuwahi kuogopa chochote darasani. Mimi ndiye niliyekuwa natisha. Mwanafunzi akizimia mbele ya mifupa, nilimshauri akasomee ushonaji.

Mifupa yetu ni ya mtu kweli, imo ndani ya sanduku la mbao kabatini. Mwalimu aliyenitangulia aliniachia na maelezo mafupi: ilitoka hospitali fulani huku kusini, na mwenyewe hakuwa na ndugu. Sikuuliza zaidi. Wanafunzi humwita Babu, na siku ya mtihani huingia wakisema, "Shikamoo Babu," ili wapate bahati. Nilikuwa naitikia marahaba kwa niaba yake, darasa zima linacheka.

Mfupa nilioupenda kuliko yote ni muundi wa kushoto, ule mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti. Ulivunjika zamani ukaunga vibaya, una nundu katikati kama fundo la muwa. Niliupitisha kwa kila mmoja. "Gusa hapa. Huyu alitembea akichechemea."

Mwezi uliopita jarida la walimu wa anatomia liliingia kwenye simu yangu. Nilisoma huku nakunywa chai, nikafurahia habari za mifupa ya plastiki inayochapwa kwa mashine. Kisha nikafika kwenye habari ya mwisho: vyuo sehemu nyingi vinachunguza upya mifupa ya zamani, kujua ilikuwa ya nani na nani aliridhia itumike. Kila mwalimu ajiulize, waliandika: mtu huyu kweli hakuwa na ndugu, au hakuna aliyewatafuta?

Chai ilinipalia. Baba yangu aliondoka kijijini kwetu Nalasi nikiwa mdogo, kwenda kutafuta kibarua, na hakurudi. Mguu wake mmoja aliuvunja alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, mganga wa kijijini akaufunga kwa vijiti. Hayo yote niliyajua tangu utotoni. Lakini mifupa ya darasani ilikuwa ya mtu asiye na ndugu, na baba alikuwa na sisi, kwa hiyo sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Niliogopa, tena sana. Siku tatu nilifundisha kwa picha, nikasingizia kwamba ufunguo wa kabati umepotea. Nilijiambia mikorosho imevunja watu wengi, wote wanachechemea, acha wazimu. Jambo moja tu lingenitoa hofu: ulikuwa mguu gani? Nilikumbuka alivyochechemea, sikukumbuka upande.

Mama naishi naye. Hajawahi kukubali baba asomewe hitima. Aliye hai hasomewi, husema. Jumamosi baada ya alasiri nilimkuta barazani anapepeta mchele, nikaketi mbele yake.

"Mama, baba alivunjika mguu gani?"

"Leo umemkumbuka?"

"Niambie tu, mama."

Aliweka ungo chini, akafumba macho. Akainua mkono wake wa kulia, akaonyesha mbele yake, upande huo huo wa kulia. "Wa huku."

Kulia! Si yeye, alhamdulillahi. Nilitaka kumkumbatia mama, nikacheka hovyo kama mlevi.

Halafu likanijia somo la kwanza kabisa ninalowapa wanafunzi, ambalo wakilikosea nawafokea: kulia na kushoto ni vya mwenye mwili, si vya anayemtazama. Mtu akija amekuelekea, mguu ulio upande wako wa kulia ni mguu wake wa kushoto. Na mama hakugusa mguu wake mwenyewe. Alionyesha mtu aliyekuwa anamwona mbele yake.

Nikamsogelea. "Mama, hapo unavyomwona, anakuja au anakwenda?"

"Anakuja, mwanangu. Kuondoka kwake sikumwona."